Joto la Maji ya Kuoga: Maneno Yaliyosemwa kwa Wanachama wa Ndanai



 Jambo letu si mshahara. Ni maji ya moto.

Baadhi yetu twafanya kazi katika nyumba za wakubwa, katika nyumba za wageni na mabweni ya shule. Huko kuna hita ya umeme, na mara nyingi joto lake limepandishwa mpaka mwisho. Mwenzetu mmoja alifungua bomba ili aoshe bafu, maji yakamchubua mkono mpaka kwenye kiwiko. Akaambiwa ni uzembe wake. Twauliza, nani aliyekaza ile skrubu ya joto? Si yeye.

Sikilizeni hesabu. Maji ya digrii 60 humuunguza vibaya mtu mzima kwa sekunde 5 hivi. Ya digrii 70 hayangoji hata sekunde moja. Yakishushwa hadi 49 huchukua dakika kadhaa, na mtu hupata nafasi ya kujitoa. Ngozi ya mtoto na ya mzee ni nyembamba, huungua upesi zaidi.

Basi hita ya nyumbani iwekwe karibu na digrii 50. Namba zilizoandikwa kwenye hita zisiaminiwe sana. Fungua bomba la moto dakika mbili, kinga maji katika kikombe, tia kipima joto. Wenzetu wa kiwandani wanaosoma joto la kukaushia majani watatufundisha, kazi hii kwao ni ndogo. Yakizidi, fundi azime umeme kwenye swichi kuu kabla ya kufungua kifuniko, apunguze, kisha mpime tena baada ya saa chache. Hita ya jua ni ngumu zaidi, kwani siku ya jua kali hupita digrii 60 bila kuulizwa na mtu.

Lakini wawakilishi wetu wasidai tangi kubwa la bweni au hospitali lipozwe. Katika maji ya uvuguvugu huzaliwa vijidudu viletavyo ugonjwa wa mapafu. Tangi libaki digrii 60, na karibu na bomba iwekwe vali ya kuchanganya maji baridi na moto. Vali ndiyo tuidai.

Wengi wetu hatuna hita, tuna sufuria na beseni. Tia maji baridi kwanza, ndipo ya moto, ukoroge, ujaribu kwa kiwiko kabla ya kumtia mtoto. Sufuria isiachwe chini sakafuni hata kidogo, hata kama mama anakwenda mlangoni tu.

Mtu akiungua, mwagieni maji baridi ya bomba dakika 20, mvueni pete na nguo isiyogandamana na ngozi, mfunikeni kwa kitambaa safi, apelekwe hospitali. Msipake dawa ya meno, wala mafuta, wala unga.

Na aliyeungua kazini amwambie msimamizi siku ile ile, mbele ya shahidi. Sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa walioumia kazini yamtaka mwajiri alipe, na neno uzembe peke yake halimwondolei deni.

Karani wa tawi anacho kipima joto kimoja. Atakayekitaka aandikishe jina, akirudishe Jumamosi.