Hencke na Ramani Yake



Kati ya sayari Mirihi na Mshtarii kuna mawe mengi yanayolizunguka jua. Moja, lililovumbuliwa Afrika Kusini mwaka 1937, limepewa jina la kisiwa chetu cha Pemba.

Wataalamu peke yao? Hapana. Mjerumani Karl Hencke alikuwa mtu wa posta. Tangu 1807 jiwe jipya halikuonekana, wengi wakakata tamaa. Yeye alitafuta miaka 15, akilinganisha ramani ya nyota na mbingu. Mwaka 1845, akiwa na miaka 52, aliona nukta isiyokuwamo ramanini. Likaitwa Astraea.

Nasi darasani tunasikia: "Nimezeeka." Tusiache daftari! Tuandike mvua, mavuno, madeni. Kisichoandikwa utakilinganisha na nini?