Bushi Ndogo, Mzigo Mkubwa: Mazungumzo kwa Wenye Pikapu na Mafundi wa Thika na Ruiru



Pikapu zinazobeba mananasi Thika, mawe ya ujenzi kutoka Ndarugo na mboga za soko la Ruiru zinalisha familia nyingi katika kaunti hii. Baadhi yake zimefanya kazi miaka mingi. Injini bado ina nguvu na bodi imepakwa rangi upya, lakini chini kuna kipande cha raba ambacho hakuna anayekikumbuka hadi gari lianze kugonga.

Kipande hicho ni bushi ya amu. Amu ni mkono wa chuma unaounganisha gurudumu la mbele na chesisi. Bushi hukaa pale mkono unaposhikana na chesisi, ili gurudumu lipande na kushuka bila chuma kusuguana na chuma. Matuta, mashimo, mizigo mizito na oili inayovuja huichosha hadi ikapasuka.

Dalili zake zinajulikana. Gari hugonga likivuka tuta. Breki ikikanyagwa, gari huvuta upande mmoja. Tairi huliwa ukingo mmoja tu. Katika barabara kuu ya Thika, gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Gurudumu likihama kidogo tu wakati wa breki, dereva ana nafasi finyu sana ya kulirudisha gari kwenye njia yake.

Kukagua si kazi kubwa. Fundi huchomeka mtaimbo kando ya bushi na kusukuma amu polepole. Kucheza kidogo ni kawaida. Raba ikiwa imepasuka, imeachana na chuma chake, au amu inagonga chesisi, bushi hiyo imekwisha. Bol joint ikaguliwe wakati huohuo.

Kabla ya kufungua, usalama kwanza. Gari lisimamishwe mahali tambarare, magurudumu ya nyuma yazuiwe, na chesisi ikalie stendi imara. Jeki pekee haitoshi, na mawe yaliyopangwa hayafai kabisa. Springi iliyobanwa inaweza kuua ikifyatuka. Baadhi ya pikapu za zamani za Toyota na Isuzu hutumia fimbo ya chuma iliyosokotwa badala ya springi. Fimbo hiyo itiwe alama ilipo, kisha ilegezwe kabla ya amu kutolewa.

Bushi kuukuu itolewe kwa presi. Kuichoma moto hutoa moshi wenye sumu, na joto kali linaweza kudhoofisha chuma cha amu. Mpya isukumwe kwa kushika ukingo wake wa chuma, si raba ya katikati. Maji ya sabuni yatasaidia kuiteleza. Grisi na oili huharibu raba. Ni vyema kubadilisha pande zote mbili pamoja, kwa kuwa zimetembea safari zilezile.

Hatua inayosahaulika zaidi ni ya mwisho. Raba ya bushi haizunguki kama beringi, bali hujisokota. Nati zikikazwa gurudumu likiwa linaning'inia, raba hubaki imesokotwa mara tu gari linaposhushwa, na bushi mpya hupasuka mapema. Mwenye gari hulaumu spea, kumbe kosa lilikuwa la kukaza. Kwa hiyo nati zishikizwe tu kwanza, gari lishushwe likae kwa uzito wake, litikiswe kidogo, ndipo zikazwe kabisa kwa kipimo cha mtengenezaji. Kisha gari lipelekwe alaimenti, la sivyo tairi zitaendelea kuliwa.

Magari ya biashara hukaguliwa na NTSA kila mwaka, na sasipensheni ni sehemu ya ukaguzi huo. Lakini bushi haingojei tarehe ya ukaguzi. Mwenye pikapu amwombe fundi aangalie kila gari linapoingia kubadilishwa oili, na asimharakishe pale anaposhusha gari kabla ya kukaza nati. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na barabarani ukuta huo huweza kuwa maisha ya dereva, abiria wake au mtoto anayevuka kwenda shule.