Jino la Kupandikiza Nalo Hutunzwa

Leo tunazungumzia jino la kupandikiza, lile linaloshikiliwa na skrubu ya titani iliyokazwa ndani ya mfupa wa taya.

Titani haitoboki wala haiozi. Hatari iko kwenye ufizi unaoizunguka. Ukoga usipoondolewa, bakteria huzaliana, ufizi huvimba na kuachana na jino, ukiacha mfuko katikati. Ndani ya mfuko huo wenye hewa haba hustawi bakteria kama Porphyromonas gingivalis. Mwili unapopambana nao, mfupa nao huliwa taratibu, mara nyingi bila maumivu, hadi jino linalegea.

Ukitema povu jekundu baada ya kupiga mswaki, hiyo ni dalili ya ufizi kuvimba. Usiache kusugua! Sugua polepole pale jino linapokutana na ufizi, asubuhi na kabla ya kulala, na upitishe uzi katikati ya meno. Ili kulinda ufizi, mwenye kisukari adhibiti sukari. Mvuta sigara aache.

Ukiona damu, usaha au uvimbe, wahi kwa daktari wa meno, iwe hospitali ya Bugando au Sekou Toure jijini Mwanza, au kituo kilicho jirani nawe. Ufizi ukitibiwa mapema, mfupa husalimika.