Dalali na Mnunuzi wa Nyumba ya Kwanza

(Hotuba ya Halmashauri iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa)



Kila mwaka sisi wa Halmashauri husimama mbele yenu tukatoa hesabu ya fedha zilizoingia na zilizotoka: wagonjwa waliosaidiwa, maiti waliosafirishwa, na watoto waliolipiwa karo. Hesabu hiyo mtaikuta katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Lakini safari hii imetulazimu kuongeza jambo moja, kwa sababu limetugusa mfuko na limetugusa heshima. Nalo ni swali hili: mwanachama anunuapo nyumba kwa mara ya kwanza maishani mwake, je, yafaa amtumie dalali, au amwepuke?

Wazee wetu walioanzisha vyama vya namna hii walikuja mjini kutafuta kazi. Walipanga vyumba, wakahesabu miaka, na nyumba yao hasa ilikuwa ile waliyoiacha nyumbani. Leo mambo yamegeuka. Watoto wetu wengi wamezaliwa papa hapa, wamesoma hapa, na hapa ndipo wanapooa na kuolewa. Kwa hiyo mkutano huu ulikubali, na ulikubali vyema, kwamba fedha za Chama zaweza kumwongezea mwanachama anayetaka kununua nyumba. Lakini tulifungua mlango huo pasipo kuweka bawabu.

Kabla ya kutoa shauri, yatupasa kukiri kosa letu. Ndugu yetu mmoja, mfanyakazi wa bandarini, aliweka akiba kwa muda wa miaka 14. Akaonyeshwa nyumba upande wa Kisauni na mtu aliyejiita dalali. Mtu huyo hakuwa na ofisi. Ofisi yake ilikuwa simu yake na kivuli cha mwembe. Alimwambia ndugu yetu kwamba wako wanunuzi wengine watatu, na kwamba asipotoa arubuni kabla ya Ijumaa nyumba itakwenda. Ndugu yetu akaja kwetu mbio na nakala ya hati ya milki mkononi. Nasi tukaitazama ile nakala, tukaona muhuri, tukaridhika. Tukamwongezea Shs. 60,000/- juu ya Shs. 90,000/- zake, zikawa Shs. 150,000/-, naye akamkabidhi dalali, akapewa stakabadhi isiyo na anwani.

Baadaye ilijulikana kwamba mwenye jina katika ile hati alikwisha kufariki zamani, na aliyekuwa akiuza ni mmoja tu wa watoto wake, bila ya nduguze kujua. Sheria yetu ya urithi yakataza nyumba au ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha idhini ya kusimamia mirathi. Biashara ikafa. Dalali hajaonekana tena, wala fedha hazijarudi hata hivi leo.

Mtu akiisikia habari hii atasema upesi: basi, tuwaepuke madalali wote! Hata sisi tulisema hivyo katika kikao cha kwanza. Lakini mzee mmoja wa Halmashauri akatuzuia, akatukumbusha habari ya dada yetu wa Majengo, ambayo nyingi miongoni mwenu mwaijua.

Dada yetu huyo aliogopa ujira wa dalali, akanunua nyumba moja kwa moja kutoka kwa binamu yake. Alijua kwamba ni ya Kiswahili, ya vyumba sita, imara, na bei aliyotajiwa ilikuwa bei ya nyumba na kiwanja. Baada ya miezi michache akaja mtu mwingine kudai kodi ya ardhi ya miaka mingi. Ndipo alipofahamu kwamba alinunua kuta na paa tu, na kwamba kiwanja ni cha mwenyewe mwingine. Ninyi wenyeji wa Mombasa mwajua kwamba desturi hii ya mtu kuwa na nyumba juu ya ardhi isiyo yake ni ya tangu zamani pwani yetu, na si hila. Hila ni kunyamaza. Dalali mwaminifu wa mtaa ule angalimwambia neno moja tu: "Mama, hii ni nyumba bila ardhi," naye angalitoa bei inayostahili. Alichookoa kwa kumkwepa dalali hakifiki sehemu ndogo ya kile alichopoteza.

Basi tuna watu wawili: mmoja alimtumia dalali akaumia, na mwingine alimkwepa akaumia. Yatupasa tuulize, kosa lilikuwa wapi? Sisi twaona kwamba kosa lilikuwa moja. Ndugu yetu alimtegemea dalali kwa kazi isiyo ya dalali. Na dada yetu hakuwa na mtu yeyote wa kuifanya kazi ambayo dalali huijua.

Kazi ya dalali ni ipi? Dalali huwakutanisha anayeuza na anayenunua. Dalali mzuri ajua bei zilizokatwa mtaani, wala si bei zinazotajwa tu. Ajua nyumba ipi haipati maji, njia ipi hufurika masika, na jirani yupi ana kesi ya mpaka. Mfanyakazi asiye na nafasi ila Jumapili ataokolewa miguu na siku nyingi. Miongoni mwetu humu wamo wanaokula halali kwa kazi hiyo, nasi hatuna nia ya kuwavunjia heshima.

Lakini jambo moja msilisahau: kwa desturi anayemlipa dalali wa kuuza ni muuzaji, na ujira wake hukua kwa kadiri bei inavyokua. Hata awe mpole namna gani, hata akuite ndugu, yeye ni mtumishi wa upande wa pili. Akikuambia kwamba bei ni nzuri, msikilize kama unavyomsikiliza mwenye kuuza samaki akisifu samaki wake. Huenda asema kweli, lakini wewe funua shavu ulitazame.

Tena kuna sheria. Tangu mwaka 1984 nchi yetu ina Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, nayo yataka kila mwenye kufanya kazi hiyo awe amesajiliwa na Bodi ya usajili wao. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lisiwe "Nyumba ni kiasi gani?" bali liwe "Cheti chako ki wapi?" Naye akikionyesha, iulizeni Bodi kama jina lile limo katika orodha yake. Mwenye cheti ana kitu cha kupoteza akikudhulumu. Yule wa chini ya mwembe hana ila kubadili nambari ya simu.

Sasa twaja kwenye kazi zisizo za dalali, hata akiwa amesajiliwa, hata akiwa mtoto wa shangazi yako.

Kwanza, kuchunguza hati. Nakala ya hati si ushahidi. Mnunuzi mwenyewe au wakili wake aombe uchunguzi rasmi katika rejista ya ardhi. Kwa Nairobi kazi hii ilianza kuingizwa katika mtandao wa serikali uitwao Ardhisasa mwaka 2021. Uchunguzi utaonyesha jina la mwenye mali, ukubwa wa kiwanja, na kama kuna rehani ya benki au kizuizi. Jina likionekana, muulizeni aliye hai kitambulisho. Na aliyekufa, waulizeni warithi wake idhini ya mahakama iliyothibitishwa.

Wala msiishie hapo. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika shauri la kiwanja cha papa hapa Mombasa, iliamua kwamba hati ikiwa asili yake ni ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha taratibu, mnunuzi wa baadaye hapati kinga kwa kuwa na hati mkononi. Maana yake ni kwamba haitoshi kujua hati ni ya nani leo. Yafaa kujua ilitoka wapi. Hiyo ni kazi ya wakili.

Pili, kupima. Mchukueni mpima ardhi mwenye leseni, mwende naye mpaka kwenye mawe ya mpaka. Wako watu walioonyeshwa kiwanja kimoja na kuuziwa kingine.

Tatu, kuandika mapatano. Sheria ya mikataba yataka mauzo ya ardhi yawe kwa maandishi, yatiwe sahihi na pande zote, na washuhudiwe watiao sahihi. Maneno ya kinywani hayatoshi, wala stakabadhi ya dalali si mapatano. Wakili na awe wako mwenyewe, si wa muuzaji. Na ikiwa nyumba ni ya mume na mke, sheria ya mwaka 2013 ya mali ya ndoa yataka nyumba yao ya ndoa isiuzwe bila ridhaa ya wote wawili. Kama ardhi ni ya kilimo, basi idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi yahitajika, nayo huombwa katika miezi 6 tangu kuandikwa mapatano. Bila hiyo mauzo ni batili.

Nne, na hili ndilo lililotuumiza, kushika fedha. Arubuni, ambayo kwa desturi ni sehemu 10 katika 100 ya bei, ipitie kwa mawakili, ikae kwa wakili wa muuzaji kwa amana mpaka masharti yatimizwe. Isipite mkononi mwa dalali hata senti moja. Dalali akisema "tuma leo usiku," jibu ni "kesho asubuhi kwa wakili." Nyumba ikipotea kwa sababu hiyo, ipotee, nyingine ipo. Miaka 14 ya akiba haipo tena.

Pia mnunuzi asisahau gharama zisizo za bei. Ushuru wa stempu ni sehemu 4 katika 100 kwa mali ya mjini na 2 katika 100 kwa mali ya mashambani, nao hulipwa na mnunuzi. Nyumba ya mjini ya Shs. 3,000,000/- ina ushuru wa Shs. 120,000/-, mbali na wakili na mpima. Tumeona watu wakitumia shilingi yao ya mwisho kwa bei, kisha hati ikakwama kwa kukosa ushuru.

Kwa hiyo, ndugu zetu, jibu letu ni hili. Anayenunua kwa mara ya kwanza asimwogope dalali, wala asimwegemee. Akipata aliyesajiliwa, amtumie kutafuta, kutembezwa, na kujua bei. Yakiwako mapatano ya ujira kwake, yaandikwe kabla ya mguu wa kwanza kutoka nyumbani. Lakini hati aiulize rejista, mpaka auulize mpima, mapatano ayaulize kwa wakili, na fedha azishike mwenyewe mpaka neno la wakili. Na aliye na jamaa anayemuuzia, afanye hayo hayo yote, kwani ujamaa haufuti rehani wala hauleti kiwanja kisichokuwapo. Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani.

Tumebakiza mambo mawili, kisha tukae.

La kwanza ni pendekezo tunaloliweka mbele ya mkutano huu mlipigie kura. Tokea leo Chama kisitoe mkopo wa nyumba ila kwa mwanachama aliyeleta karatasi nne: uchunguzi rasmi uliofanywa na yeye au wakili wake, barua ya mpima, mapatano yaliyoandikwa na kushuhudiwa, na, kama yuko dalali, cheti cha usajili wake. Fedha za Chama zipelekwe kwa wakili, si kwa mtu mwingine yeyote, wala si kwa mwanachama mwenyewe. Tunajua kuna watakaosema masharti haya ni mazito. Ni mazito kweli. Lakini tungalikuwa nayo, ndugu yetu wa bandarini angalikuwa na akiba yake yote.

La pili lahusu zile Shs. 60,000/-. Fedha hizo ni za wajane na wagonjwa wa Chama hiki, nasi tulizitoa kwa kutazama muhuri wa nakala. Wajumbe wa Halmashauri tumekubaliana kuzirudisha kutoka mifukoni mwetu, kidogo kidogo kila mwezi, na Mweka Hazina ataonyesha malipo hayo katika hesabu ya mwaka ujao. Ndugu yetu hatutamdai. Yeye alituuliza, nasi ndio tuliomwambia, "Endelea."

Twawaomba wazee mtusamehe, na wanachama mtuhoji mpendavyo. Mtu akitaka kununua nyumba mwaka huu, na aje kwetu mapema, kabla ya arubuni na si baada yake. Mlango wetu uko wazi, na safari hii yuko bawabu.