Kidude cha Michezo Kilichonitoa Aibuni



Mazungumzo yangu ya wiki iliyopita mliyasikia hapa hapa, na baadhi yenu mliniletea salamu za kuyasifu. Nashukuru. Jambo ambalo hamkulijua, na hata mtangazaji wa zamu hakulijua, ni kwamba mazungumzo yale niliyaandika kwa kidude cha kuchezea michezo. Leo nakiri mbele yenu. Nikishakiri, nina mtu wa kumwomba radhi, na ninyi nina swali la kuwauliza.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anasoma Uingereza. Mwezi uliopita alikuja likizo akafikia kwangu. Siku ya pili tu alitoa begini kidude cheusi, urefu wake kama rula ya shule, chenye kioo cha inchi 7 katikati, na huku na huku vijiti na vitufe vya kubonyeza kwa vidole. Jina lake Steam Deck. Akajilaza mkekani barazani akaanza kucheza mpira wa humo ndani. Alicheza asubuhi, akacheza baada ya chakula, na usiku wenzake wakisikiliza taarifa ya habari yeye alikuwa bado yumo uwanjani.

Mimi ni mjomba, na mjomba wa kwetu hanyamazi. Mezani, mbele ya watu, nikamwambia: "Baba, kwa umri wako huo mimi nilikuwa nimeshaoa, na wewe bado unachezea vitu vya watoto. Fedha uliyonunulia hicho si ungenunua kompyuta ya kusomea?" Akanijibu kwa adabu, "Mjomba, hii ni kompyuta." Nikamwambia kwamba kama ile ni kompyuta, basi jiko langu la mkaa ni kiwanda. Watu wakacheka. Yeye hakucheka, aliinamia sahani yake.

Mungu si Athumani. Alhamisi jioni kompyuta yangu, niliyoishi nayo miaka 9, ilizimika ikakataa katakata kuwaka. Fundi wa mtaani akaifungua, akaipuliza vumbi, akaniambia nirudi Jumatatu. Na mimi Ijumaa saa 4 asubuhi natakiwa studio, mkononi sina hata ukurasa mmoja. Nikakaa sebuleni nimeshika tama. Kijana akaniona, akaja akachuchumaa karibu yangu, akasema, "Mjomba, nikuazime kompyuta?"

Msikilizaji, ungekuwa wewe ungesema nini? Mimi nilisema ndiyo, tena kwa sauti ndogo.

Alibonyeza kitufe cha kuwashia akakishikilia kidogo. Ikatokea orodha fupi, naye akachagua pale palipoandikwa kwamba mtu ahamie upande wa kazi. Kioo kikazima, kikawaka tena, na ile sura ya michezo haikuwapo. Mahali pake palikuwa na mstari wa vitufe chini, saa pembeni, na mafaili yaliyopangwa, sawasawa na kompyuta yoyote ya ofisini. Akanionyesha kwamba kile kibamba cha mraba upande wa kulia ndicho kipanya: unakisugua kwa kidole gumba na mshale unatembea. Kitufe cha nyuma, kile ambacho mchezaji hukitumia kufyatulia risasi, ndicho cha kubofya. Ukitaka kuandika, kibodi inajitokeza juu ya kioo chenyewe, lakini inakula nusu ya kioo, na herufi zake kwa macho ya mtu wa umri wangu ni kama sisimizi.

Basi akaleta kijisanduku chenye matundu, akakichomeka juu ya kidude. Kidude kina tundu moja tu la USB-C, lakini kwa njia ya kijisanduku tundu hilo likapokea vitu vitatu: chaja, kibodi yangu ya zamani, na waya wa kwenda kwenye televisheni. Televisheni ya sebuleni ikawa ndiyo kioo. Nikafungua programu ya kuandikia iitwayo LibreOffice, nikaanza.

Saa 3 na nusu usiku umeme ukakatika. Sebule giza, televisheni giza. Nikatamka neno ambalo sitalirudia redioni. Lakini kidude kile kina betri yake. Maandishi yangu yalihama yenyewe kutoka kwenye televisheni yakaja kwenye kioo kidogo, sentensi ikiwa pale pale nilipoiachia. Nikavaa miwani, nikakuza herufi, nikaendelea. Watengenezaji wanasema betri hiyo hukaa kati ya saa 2 na saa 8 kutegemea kazi, na kuandika ni kazi nyepesi kuliko kucheza mpira. Saa 6 usiku nilikuwa nimemaliza na chaji ingalipo. Umeme ulirudi alfajiri.

Asubuhi, tukisubiri chai, nilimwomba yule kijana anieleze. Safari hii nilikuwa mwanafunzi na yeye mwalimu.

Akaniambia kwamba ndani ya kidude kile mna kumbukumbu ya gigabaiti 16, na prosesa ya kampuni ya AMD ya ukoo ule ule unaotumika katika kompyuta za mezani. Si kompyuta ya mfano. Ni kompyuta kamili iliyobanwa hadi ikatosha mikononi. Mfumo unaoiendesha ni Linux. Hiyo ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki. Sifa yake kubwa ni kwamba maandishi ya programu yenyewe hayakufungiwa sandukuni: anayetaka huyasoma, huyanakili, huyarekebisha, na kuwagawia wengine. Kampuni ya Marekani iitwayo Valve, iliyotengeneza kidude hiki, ilichukua tawi moja la Linux liitwalo Arch, na kwa ule upande wa kazi ikaweka KDE Plasma, programu iliyotokana na kazi ya watu wa nchi nyingi waliojiunga tangu mwaka 1996.

Nikauliza swali la mtu mzima: kampuni ya biashara ina faida gani kuacha mlango wazi namna hiyo? Yapo majibu, na hayahusu sadaka. Valve ina duka la michezo ya kompyuta liitwalo Steam, lililofunguliwa mwaka 2003. Wateja wake karibu wote walikuwa wanatumia Windows ya Microsoft. Mwaka 2012 Microsoft ilitoa Windows 8 ikiwa na duka lake yenyewe ndani. Mkuu wa Valve, Gabe Newell, alilalamika hadharani. Fikirieni mtu mwenye kibanda kwenye kiwanja cha mwenzake, mara anasikia mwenye kiwanja naye anafungua duka. Hawezi kulala. Valve ikaanza kutafuta kiwanja kisicho na mwenyewe, na hicho kilikuwa Linux.

Mwaka 2013 ilileta duka lake kwenye Linux. Mwaka 2015 zikatoka kompyuta za michezo zenye mfumo huo, zikadoda sokoni, kwa sababu michezo mingi iliandikwa kwa ajili ya Windows. Mwaka 2018 ikaja na Proton, ambayo kazi yake ni kama ya mkalimani: mchezo unasema Kiwindows, mkalimani anaueleza kwa Linux papo hapo. Mkalimani huyo naye hakuzaliwa siku moja. Amejengwa juu ya kazi iitwayo Wine, iliyoanza mwaka 1993. Ndipo mwezi Februari 2022 kidude kikaanza kuwafikia wateja, bei ikianzia dola 399. Kabla ya hapo, Oktoba 2021, kampuni ilitoa filamu fupi ikionyesha jinsi kinavyofunguliwa kwa bisibisi, huku ikiwaonya watu wasifanye hivyo ovyo. Na mnunuzi aliambiwa tangu mwanzo kwamba hii ni kompyuta, na anaweza hata kuweka mfumo mwingine akipenda.

Sasa, msikilizaji, linganisha na kisa kingine. Mwaka 2006 Sony ilitoa mashine ya michezo ya PlayStation 3, ikiwa na ruhusa ya kuweka Linux. Wataalamu wa vyuo wakazinunua kwa ajili ya hesabu zao. Jeshi la Anga la Marekani liliunganisha zaidi ya mashine 1,700 za aina hiyo likapata kompyuta moja kubwa ya utafiti. Kisha Aprili 2010 kampuni ikaleta marekebisho ya mfumo, na ruhusa ile ikaondolewa, kwa maelezo kwamba ni kwa sababu za usalama. Aliyeyakubali marekebisho alipoteza Linux yake. Aliyeyakataa alizuiwa kucheza na wenzake kwa njia ya mtandao. Watu walikwenda mahakamani huko Marekani, na baada ya miaka kadhaa kampuni ikakubali kulipa fidia. Fidia si kitu kibaya. Lakini mtu aliyenunua nyumba yenye vyumba vitatu, akaamka asubuhi akakuta chumba kimoja kimefungwa na ufunguo uko kwa muuzaji, huyo anajifunza jambo kuhusu neno "kununua".

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu na michezo yao. Sivyo. Ile programu niliyoandikia, LibreOffice, ilizaliwa mwaka 2010 kutokana na nyingine iliyoitwa OpenOffice. Na OpenOffice ndiyo ile ambayo mwaka 2004, katika mradi wa Kilinux, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao wa Sweden waliitafsiri kwa Kiswahili wakaiita Jambo OpenOffice. Hawakupiga magoti kwa mtu. Hawakungoja kampuni ya ng'ambo iamue kama wasemaji wa Kiswahili ni soko la kutosha. Maandishi ya programu yalikuwa wazi, wakayachukua, wakaweka maneno yetu. Mlango uliofungwa usingewapa nafasi hiyo.

Lakini mimi si mpiga debe wa mtu, kwa hiyo niseme na upungufu wake. Kidude hiki, kikiwa upande wa kazi, ni kama nyumba ya kupanga yenye mwenye nyumba mpole. Samani unaingiza utakazo: programu nyingi zinapatikana bure katika ghala lake, kila moja ikija na vyombo vyake. Kuta za mfumo zimefungwa zisiguswe. Ukitaka kuzibomoa unaweza. Unajiwekea neno la siri, unatoa amri, zinafunguka. Ila siku mfumo unapoletewa marekebisho mapya, kuta hujengwa upya na ulichopachika kinaweza kupotea. Programu nyingine zilizozoeleka maofisini hazikubali kukaa humo. Ipo michezo ya mtandaoni ambayo nayo inagoma. Na bila kibodi ya kweli na kioo kikubwa, shingo na macho vitakushitaki.

Tena, mzazi mwenye mtoto asiye na kompyuta kabisa, asiende kununua kidude hiki kwa sababu amenisikia mimi. Kompyuta ya kawaida iliyokwisha tumika, iliyo nzima, itamfaa kwa fedha pungufu, na Linux hiyo hiyo inaweza kuwekwa humo bila malipo. Ninachosema ni kwamba yule ambaye tayari anacho, ajue ana nini mkononi. Na sisi wazee, kabla ya kucheka, tuulize kwanza.

Swali langu kwenu ni hili. Tazameni vitu mlivyonunua kwa jasho lenu: simu, televisheni, kompyuta, king'amuzi. Ni vipi kati ya hivyo mnavyoruhusiwa kuvifungua, kuvitengeneza, kuvipa kazi nyingine ambayo muuzaji hakuifikiria? Katika hivyo ninyi ni wenye nyumba. Katika vingine ni wapangaji mliolipa kodi yote kwa mkupuo. Siku mnapokwenda dukani, pamoja na kuuliza bei na rangi, ulizeni na hilo.

Nimebakiza kuomba radhi. Mpwa wangu, maneno yale nilikuambia mbele ya watu wa nyumba moja. Leo nakuomba radhi mbele ya nchi nzima. Ulikuwa umesema kweli, ukachekwa, na bado ulipoona mjomba wako amekwama ulimletea kile kile alichokidharau.

Nilimsomea aya hiyo jana jioni, kabla sijaileta studio, nione kama ataridhika. Alisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akasema, "Yamekwisha, mjomba. Ila chai imechelewa. Kiwanda chako kimeshawaka?"

Kwaherini, hadi wiki ijayo majaaliwa.