Sauti ya Kizulu Hewani: Durban, 1941

Katika mazungumzo yetu ya leo tunaelekea kusini mwa bara letu, katika mji wa bandari wa Durban, mwaka 1941. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimepamba moto. Kijana mmoja wa Kizulu aliingia katika jengo la Shirika la Utangazaji la Afrika Kusini, SABC, akaomba kazi ya utangazaji. Jina lake lilikuwa King Edward Masinga. Na hilo King ni jina lake tu, wala si cheo.

Shirika hilo lilikuwa limeundwa mwaka 1936, na lugha zake zilikuwa mbili, Kiingereza na Kiafrikana. Inasimuliwa kwamba Mzungu wa kwanza aliyemsikiliza Masinga alistaajabu mno, kwani kwa fikira zake redio haikuwa mahali pa Mwafrika kusema. Lakini mkuu wa studio za Durban wakati huo alikuwa Hugh Tracey, Mwingereza aliyekwisha kuzama katika muziki wa Kiafrika tangu alipokuwa Rhodesia ya Kusini. Tracey akamwajiri. Wenzetu wa Kongo na Afrika ya Mashariki wanalifahamu jina hilo: ndiye aliyepita huku mwanzoni mwa miaka ya 1950 na mitambo yake ya kurekodi, na mwaka 1952 akamkuta kijana aitwaye Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, akipiga gitaa na kuimba kwa Kiswahili.

Basi Masinga akawa Mwafrika wa kwanza kusikika akisoma habari kwa Kizulu katika redio ya shirika hilo. Tusidhani kwamba serikali ilifungua mlango kwa mapenzi. Maelfu ya Waafrika walikuwa wamechukuliwa kwenda vitani, tena bila kuruhusiwa kubeba bunduki, na watawala walichelea uvumi. Walitaka habari za vita ziwafikie watu kutoka kinywani mwa serikali, kwa lugha wanayoielewa.

Lakini lugha haitumwi kama tarishi, ikapeleka barua na kurudi kimya. Masinga alipewa habari za kutafsiri, naye akaingiza hadithi za wazee, nyimbo na michezo ya kuigiza. Mchezo wake wa nyimbo kuhusu mfalme wa juu na mfalme wa chini, uliotokana na ngano ya Kizulu, ulichapishwa mwaka 1944 akiwa na Tracey. Baadaye alitafsiri tamthilia za Shakespeare, Mfalme Lear ikiwa miongoni mwake, zikasikika redioni kwa Kizulu. Mimi naona hapo ndipo penye uzito wa kazi yake. Habari za vita zilisahaulika vita vilipokwisha. Watu waliozoea kusikia Kizulu fasaha kikitoka katika chombo cha Mzungu hawakusahau.

Mwaka 1948 chama cha National kilishika madaraka, na ubaguzi wa rangi ukawa sera ya dola. Mwaka 1952 vipindi vya Waafrika vilianza kupelekwa kwa waya hadi majumbani katika kitongoji cha Orlando, Johannesburg. Msikilizaji hakuwa na kituo kingine cha kuchagua katika kisanduku kile: ama asikilize, ama azime. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikaja Radio Bantu, iliyotenganisha vipindi kwa kila lugha, kama vile makabila yenyewe yalivyokuwa yakitenganishwa kwa sheria. Watangazaji walikuwa Waafrika, wasimamizi walikuwa Wazungu, na neno lililopotoka liliweza kumgharimu mtu kazi.

Mitambo mipya ilikuwa ya FM. Sauti ilikuwa safi sana, hilo halina ubishi. Lakini redio ya FM peke yake haikamati masafa mafupi, na ni kwa masafa mafupi ndipo sauti za nje zilipoingia. Miongoni mwa sauti hizo ilikuwa Radio Freedom ya chama cha ANC, ambayo katika miaka ya uhamishoni ilirusha matangazo yake kutoka miji kadhaa ya Afrika, Dar es Salaam ikiwamo. Kwa hiyo aliyetaka kuisikia ilimbidi aitunze redio yake ya zamani, na aisikilize kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa.