Kutuliza Moyo kwa Kukariri Neno

(Maneno ya somo lililosomwa katika redio kwa ajili ya madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa ayasome tena polepole, wanafunzi wakifuata kwa kidole.)

Natumaini mmekwisha keti, taa inawaka, na kila mmoja ana daftari lake mbele yake. Leo hatutaanza na herufi wala hesabu. Tutazungumza juu ya kitu kinachotangulia herufi na hesabu, nacho ni utulivu wa moyo. Mtu ambaye moyo wake unakwenda mbio hawezi kushika somo, hata kama ana akili nyingi.

Nitaanza na habari ya mama mmoja niliyemfundisha zamani katika darasa la jioni. Jina lake sitalitaja. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, akiuza mihogo sokoni. Alikuja darasani kila siku bila kukosa. Lakini kila nilipomwita ubaoni asome mstari mmoja, mikono ilimtetemeka na herufi zikampotea. Wenzake hawakumcheka, lakini yeye alijicheka mwenyewe, nako ni kubaya zaidi.

Usiku mmoja aliweka daftari lake juu ya meza yangu, akaniambia, "Mwalimu, ahsante, lakini sasa basi. Nikitazama neno la kwanza, naona deni la dukani. Nikitazama neno la pili, namwona mtoto niliyemwacha ana homa. Kichwa changu kimekuwa kama soko la asubuhi. Mimi si mtu wa kusoma."

Nikamwuliza, "Mama, unapotwanga nyumbani, unafikiri deni la dukani?"

Akacheka. "Nikitwanga huimba, Mwalimu. Nikiimba sifikiri kitu."

Nikamwambia, "Basi kesho tuimbe kwanza, kisha tusome."

Sikusema hivyo kwa sababu nilikuwa na elimu kubwa. Nilitaka asiondoke tu. Sababu ya jambo lile nilikuja kuijua baadaye, na ndiyo ninayotaka kuwaeleza leo.

Ndugu zangu, kukariri neno kwa sauti ili kutuliza moyo si jambo geni. Tazameni walio karibu nasi. Mwislamu akimaliza sala hushika tasbihi akavuta uradi, kila tamko mara 33. Mkatoliki hushika rosari, na katika mzunguko mmoja wa rosari husema Salamu Maria mara 53. Mhindu ana shada lake la ushanga lenye punje 108, naye hurudia maneno yake punje kwa punje. Wabudha nao wana maneno yao, ambayo watawa wao huyaghani pamoja kwa sauti nzito.

Kila dini ina makusudi yake, na dini si mchezo. Mimi siwaambii kwamba zote ni kitu kimoja. Nasema hili tu: katika zote mna sauti, mna pumzi, na mna kurudia. Hata nje ya dini tunayaona haya. Wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake, wimbo ndio unaowazuia wasigongane. Wanaume wakivuta chombo kukipandisha pwani, mmoja huita na wengine huitikia. Kazi nzito inapata mwendo, na akili ya kila mtu inakaa mahali pamoja.

Je, mwilini hutokea nini?

Katika mwaka 2001 madaktari wa Italia, wakiongozwa na Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, walieleza uchunguzi wao katika jarida la madaktari wa Uingereza. Walichukua watu wazima 23 wenye afya. Waliwapima pumzi, mapigo ya moyo na mwendo wa damu. Kisha waliwaambia wakariri Salamu Maria kwa Kilatini, na wakati mwingine wakariri maneno ya kale ya watawa wa Bara Hindi na Tibet. Maneno yalikuwa mbalimbali na dini mbalimbali. Lakini vipimo vilionyesha jambo moja: pumzi za watu hao zilipungua mwendo, zikawa karibu 6 kwa dakika moja.

Sikilizeni vizuri hesabu hii. Mtu mzima aliyekaa kimya kwa kawaida huvuta pumzi mara 12 hata 20 kwa dakika. Mtu mwenye hofu huvuta mara nyingi zaidi. Watu wale walivuta karibu mara 6 tu, nao hawakulazimishwa kuhesabu. Ni maneno yenyewe yaliyowapunguzia mwendo. Huwezi kusema sentensi ndefu huku unavuta hewa ndani. Ni lazima hewa itoke polepole mpaka neno liishe, ndipo uvute tena.

Na pumzi ikienda polepole, moyo nao hufuata. Jaribuni sasa hivi. Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, mpaka usikie mapigo. Umeyapata? Vuta hewa polepole. Sasa itoe polepole.

(Kimya kidogo.)

Baadhi yenu mmesikia kwamba hewa ikiingia, mapigo huongeza mwendo kidogo, na hewa ikitoka hupunguza. Kwa vijana huonekana wazi. Kwa wazee ni kidogo, na aliyekosa kulisikia asihuzunike. Upo mshipa wa fahamu utokao kichwani kwenda moyoni. Kazi yake moja ni kuuambia moyo, "Polepole." Wakati wa kutoa pumzi ndio wakati ambao mshipa huo hufanya kazi hiyo zaidi. Kwa hiyo mtu anayetoa pumzi ndefu kwa kukariri neno huupa mshipa huo nafasi ya kusema.

Tena, ndani ya mishipa mikubwa ya damu, shingoni na karibu na moyo, kuna walinzi wadogo. Damu ikisukuma kwa nguvu nyingi au chache, walinzi hao huupasha habari ubongo, na ubongo huutengeneza moyo. Madaktari wale waliona kwamba wakati wa kukariri, walinzi hao walifanya kazi yao vizuri zaidi kuliko wakati wa kupumua ovyo.

Hayo ni ya mwili. Je, ya akili? Huko Boston, Marekani, alikuwako daktari wa moyo jina lake Herbert Benson. Alichunguza watu waliokuwa na desturi ya kukaa kimya na kurudia neno moja, na katika mwaka 1975 alitoa kitabu juu ya jambo hilo. Aliona kwamba yatosha mambo mawili. La kwanza, rudia neno, au sauti, au sala fupi. La pili, mawazo mengine yakija, usipigane nayo. Yaache yapite, urudi kwenye neno lako. Kwa wasiotaka neno la dini, aliwapa neno jepesi kabisa: moja.

Jambo la pili ndilo wengi hawalijui. Wanadhani kutuliza moyo ni kuwa na kichwa kitupu. Siyo. Mawazo yatakuja tu. Deni litakuja, homa ya mtoto itakuja, maneno ya jirani yatakuja. Fikiri umekaa barazani na watu wanapita njiani. Hukuwaita, wala hukuwafukuza. Wanapita, nawe unaendelea kusuka ukili wako. Kila unaporudi kwenye neno, umefanya kazi. Ukirudi mara 50, umefanya kazi mara 50. Ni kazi ile ile utakayohitaji ukisoma: macho yakitoka kwenye mstari, uyarudishe.

Sasa tufanye pamoja. Mwalimu wa darasa, tafadhali ufunge mlango.

Kwanza, kaa vizuri. Kitini, mkekani, au juu ya benchi, yote ni sawa. Mgongo uwe wima, mabega yashuke.

Pili, chagua neno lako. Mwenye dini achukue neno la dini yake analolipenda. Asiyetaka, achukue neno kama "amani", au "tulia", au "polepole". Usibadili-badili. Neno la leo liwe la kesho.

Tatu, vuta hewa kwa pua, bila nguvu. Kisha sema neno lako kwa sauti ya chini huku ukiivuta herufi ya mwisho mpaka hewa iishe. Sema hivi: polepoleee. Usikie sauti ikitetemeka kifuani. Ngoja kidogo, hewa iingie yenyewe, useme tena.

Nne, wazo likija, rudi kwenye neno. Usijigombeze.

Haya, sote.

(Darasa likariri kwa dakika mbili.)

Vizuri. Nyumbani fanyeni kwa dakika 10, asubuhi kabla ya kazi au jioni kabla ya somo. Ikiwa pumzi moja huchukua sekunde 10, basi dakika moja ina pumzi 6. Dakika 10 zina pumzi ngapi? Naam, 6 mara 10 ni 60. Kwa hiyo mtu asiye na saa ahesabu punje 60 za kunde, azitie katika bakuli. Kwa kila neno ahamishe punje moja kwenda bakuli la pili. Bakuli la kwanza likiwa tupu, amemaliza. Jioni kunde zile zile atapika.

Lakini sikilizeni maonyo matatu.

Usifanye hivi ukiendesha baiskeli au gari, wala ukiwa karibu na moto au maji. Wakati huo akili yako inatakiwa njiani.

Usilazimishe pumzi. Ukisikia kizunguzungu, acha, upumue kama kawaida.

La tatu ni kubwa. Kukariri neno si dawa ya kila ugonjwa. Mtu mwenye maumivu ya kifua, au aliyeambiwa damu yake ina msukumo mkubwa, aende hospitali, naye asiache dawa alizopewa. Mtu mwenye huzuni nzito isiyomwachia usingizi wala chakula, asikae nayo peke yake. Aende kwa mganga wa hospitali, awaambie na jamaa zake. Tena neno halilipi deni. Ukimaliza punje zako 60, deni litakuwa pale pale. Tofauti ni kwamba utalitazama kwa macho yaliyotulia.

Na hapo namrudia yule mama. Sitawadanganya kwamba alijua kusoma kesho yake. Kwa muda wa wiki nyingi alifika mapema kuliko wenzake, akakaa benchi la nyuma, akawa anaimba kwa sauti ndogo neno lake, "polepole." Mwanzoni wengine walimtazama. Halafu wawili wakakaa naye. Mikono yake ilitetemeka mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili ilitetemeka kidogo. Siku moja nilimwita ubaoni, akasoma mstari wote, akageuka, akaniuliza, "Nisome na wa chini?"

Baadaye alikwenda dukani kulipa deni. Mwenye duka alimsomea hesabu. Mama akasema, "Nipe hilo daftari nilione mwenyewe." Alipotea kidogo katikati ya maandishi, moyo ukaanza kwenda mbio kama zamani. Akanyamaza, akavuta pumzi yake, akasema neno lake kimya kimya. Kisha akaweka kidole mahali pamoja: sukari iliandikwa mara mbili kwa siku moja. Mwenye duka alitazama, akaomba radhi, akafuta.

Aliponieleza habari hiyo hakusifu pumzi wala wimbo. Alisema tu, "Mwalimu, nilisoma." Hivyo ndivyo inavyopasa. Neno la kutuliza moyo ni kama jiwe la kunolea kisu. Anayekata ni kisu, na kisu ni ninyi.

Fungueni madaftari sasa. Kwa herini, mpaka wiki ijayo.

MANENO YA KUANDIKA
Kukariri: kusema tena na tena.
Uradi: maneno ya dini yanayorudiwa-rudiwa, mara nyingi kwa tasbihi.
Kughani: kusema maneno kwa sauti ya kuimba.
Mshipa wa fahamu: mshipa unaopeleka habari kati ya ubongo na mwili.

MASWALI
1. Kwa nini yule mama alitaka kuacha darasa?
2. Watu waliopimwa na madaktari wa Italia walikuwa wangapi? Pumzi zao zilikuwa karibu ngapi kwa dakika?
3. Wazo likija wakati unakariri, ufanye nini?
4. Ikiwa pumzi moja ni sekunde 10, dakika 15 zina pumzi ngapi?
5. Taja wakati mmoja ambapo haifai kukariri namna hii.
6. Andika neno lako ulilolichagua. Chini yake andika sentensi moja: kwa nini umelichagua?